Seleniamu na Protini Zake Mwilini: Kwa Nini Mwenye Rovu Asianze na Vidonge

Utangulizi

Mhudumu wa afya anayefanya kazi katika zahanati za nyanda za kati, iwe ni Bahi, Chamwino, Kongwa au Mpwapwa, huulizwa maswali ambayo hayamo katika mwongozo wa tiba ulioko mezani pake. Tuchukue mfano. Mama mwenye uvimbe shingoni anafika akiwa na kichupa cha vidonge alichonunuliwa na mwanawe mjini. Lebo yake inasema kwamba ndani mna seleniamu, na muuzaji amesema kwamba madini hayo ni chakula cha tezi ya shingo. Mama anauliza, "Daktari, nivitumie?"

Muuzaji hakusema uongo. Tezi ya thairoidi, iliyoko mbele ya shingo, ni miongoni mwa viungo vyenye seleniamu nyingi zaidi kwa kila gramu ya uzito wake. Hata hivyo, ushauri wake unaweza kumdhuru mama huyo. Makala haya yanaeleza kazi ya protini zenye seleniamu katika mwili wa binadamu, magonjwa yanayotokea zinapopungua, na sababu inayofanya nyongeza ya seleniamu imsaidie mtu mmoja, isimfae wa pili, na imdhuru wa tatu.

Kutoka sumu hadi kirutubishi

Seleniamu iligunduliwa mwaka 1817 na mwanakemia wa Uswidi, Jöns Jacob Berzelius, aliyeipa jina linalotokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mwezi. Baadaye ilijulikana zaidi kama sumu, hasa katika miaka ya 1930, ilipobainika kwamba mifugo katika maeneo fulani ya Marekani ilipoteza nywele na kwato kwa kula mimea iliyofyonza seleniamu nyingi kutoka ardhini. Mwaka 1957 Klaus Schwarz na Calvin Foltz walionyesha upande wa pili: panya walionyimwa seleniamu waliharibika maini, na kiasi kidogo mno cha madini hayo kiliwakinga. Mwaka 1973 ilithibitika kwamba seleniamu ni sehemu ya kimeng'enya kiitwacho glutathioni peroksidazi. Tangu hapo imeeleweka kwamba karibu kazi zote za seleniamu mwilini hufanywa na protini zilizoibeba ndani yake.

Mtu mzima huhitaji takriban mikrogramu 55 za seleniamu kwa siku, mjamzito 60, na anayenyonyesha 70. Mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Mahitaji ya mtu mzima kwa mwaka mzima hayazidi sana miligramu 20, yaani karibu uzito wa punje moja ya mtama.

Jinsi protini hizi zinavyojengwa

Protini hujengwa kwa asidi amino, na vitabu vingi vya shule hutaja asidi amino 20. Iko pia ya 21, nayo ni selenosisteini. Inafanana na asidi amino iitwayo sisteini, ila mahali pa salfa pana seleniamu. Mabadiliko hayo madogo huipa protini uwezo mkubwa zaidi wa kuendesha mabadiliko ya kikemia.

Maagizo ya kujenga protini huandikwa katika RNA kwa herufi tatu tatu. Herufi UGA kwa kawaida ni kama nukta: huiambia seli kwamba ujenzi umekwisha. Lakini katika maagizo ya protini zenye seleniamu kuna kipande cha RNA kilichojikunja ambacho hubadilisha maana ya nukta hiyo. Hapo seli huweka selenosisteini, kisha huendelea na ujenzi. Binadamu ana jeni 25 za namna hii. Seleniamu inapokosekana, UGA hurudia maana yake ya kawaida, ujenzi hukatika njiani, na protini haikamiliki.

Kutokana na utaratibu huo yanafuata mambo mawili ambayo msomaji ayashike, kwa kuwa ndiyo ufunguo wa yote yatakayoelezwa. La kwanza, uhaba wa seleniamu hupunguza kazi ya protini hizi. La pili, nafasi za kuweka seleniamu zina kikomo. Zikishajaa, kuongeza madini hakuongezi kinga. Ni sawa na kumimina maji katika mtungi uliojaa.

Kazi za protini zenye seleniamu

Kazi ya kwanza ni ulinzi. Seli zinapotumia oksijeni huzalisha kemikali kali, mojawapo ikiwa haidrojeni peroksaidi. Jamii ya glutathioni peroksidazi huigeuza kuwa maji kabla haijaharibu seli. Mmoja wa jamii hiyo, uitwao GPX4, hulinda mafuta yaliyo katika kuta za seli, na pia ni sehemu ya umbo la mbegu za kiume. Thioredoksini reduktazi, ambazo ni tatu, husaidia kurekebisha protini zilizoharibiwa na kuwezesha utengenezaji wa DNA.

Kazi ya pili ni uendeshaji wa homoni za thairoidi. Tezi hutoa zaidi thairoksini, yaani T4, ambayo ni kama akiba. Vimeng'enya vitatu viitwavyo deiodinazi, vyote vyenye seleniamu, huiwasha na kuizima. Aina ya kwanza na ya pili huigeuza T4 kuwa T3, homoni inayofanya kazi katika seli. Aina ya tatu huzizima homoni hizo, na ipo kwa wingi katika kondo la nyuma, ambako humlinda kijusi asipate homoni kupita kiasi.

Kazi ya tatu ni usafirishaji. Ini hutengeneza selenoprotini P, ambayo huipeleka seleniamu katika viungo vingine, hasa ubongo na korodani.

Seleniamu inapopungua, mwili haugawi uhaba huo kwa usawa. Hufanya kama kaya wakati wa njaa: wapo wanaotangulizwa na wapo wanaosubiri. Ubongo, korodani na tezi za homoni hulindwa kwanza. Ini, misuli na moyo hutangulia kupungukiwa.

Uhaba unapoonekana kama ugonjwa

Mfano maarufu zaidi ni ugonjwa wa Keshan, uliopewa jina la wilaya ya kaskazini mashariki mwa China ambako mlipuko wake ulielezwa mwaka 1935. Uliwapata hasa watoto na wanawake wa umri wa kuzaa katika vijiji vilivyolima na kula mazao ya udongo wenye seleniamu kidogo mno. Misuli ya moyo ilidhoofika, na wengi walifariki. Katika miaka ya 1970 watoto wa maeneo hayo walipewa vidonge vya seleniamu, na ugonjwa ukapungua kwa kiasi kikubwa.

Lakini uhaba peke yake haukueleza yote, kwa sababu ugonjwa ulipanda na kushuka kwa majira. Virusi aina ya Coxsackie vilihusishwa nao. Katika miaka ya 1990 Melinda Beck na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba kirusi cha jamii hiyo kisichodhuru moyo kilibadilika jeni zake kilipoishi ndani ya panya wenye uhaba wa seleniamu, kikawa hatari, na kikaendelea kuwa hatari hata kilipohamia kwa panya walioshiba. Lishe ya mwenyeji, kwa hiyo, inaweza kubadilisha hata tabia ya kirusi.

Udongo, soko na chungu cha nyanda za kati

Mimea huipata seleniamu kutoka ardhini, na wanyama huipata kutoka katika mimea. Katika udongo wenye asidi na chuma kingi, seleniamu hushikwa na udongo, mizizi ikashindwa kuinyonya. Katika udongo wenye chokaa, huyeyuka na kunyonywa kwa urahisi zaidi. Jirani zetu wa Malawi wamelipima jambo hili: mahindi yaliyolimwa katika udongo mweusi wenye chokaa wa Bonde la Shire yalikuwa na seleniamu nyingi kuliko yale ya maeneo mengine ya nchi hiyo, ingawa mbegu na mapishi havikutofautiana sana. Sahani mbili za ugali zinazofanana kwa macho zinaweza kutofautiana sana kwa seleniamu.

Kwa mkazi wa Dodoma, ambako mvua ni ya msimu mmoja na nafaka za asili ni uwele na mtama, funzo lake ni la moja kwa moja. Kaya inayokula nafaka ya shamba moja mwaka mzima inategemea udongo mmoja. Kaya inayochanganya uwele wa nyumbani, mahindi ya soko la Kibaigwa, dagaa wa Ziwa Victoria, samaki wa Bwawa la Mtera, mayai ya kuku wa kienyeji, karanga na maini mara mojamoja, inakula kutoka katika udongo na maji ya mahali pengi. Samaki, mayai na nyama za ndani ni vyanzo vizuri vya seleniamu, na kiganja kimoja cha dagaa katika mboga ya mlenda si jambo dogo.

Uwele unahitaji maelezo ya ziada. Utafiti uliofanywa kuhusu uwele, hasa kwa kuzingatia hali ya Sudan, ulionyesha kwamba nafaka hiyo ina kemikali za jamii ya flavoni zinazoweza kuzuia utengenezaji wa homoni za thairoidi, na kwamba sehemu kubwa ya kemikali hizo imo katika pumba. Mihogo michungu isiyoandaliwa vyema nayo huacha mwilini thaiosayaneti, ambayo huzuia tezi kunyonya madini joto. Hii si sababu ya kuuacha uwele, nafaka inayostahimili ukame na yenye chuma na zinki. Madhara ya kemikali hizo hujitokeza zaidi pale ambapo madini joto ni haba. Ndiyo sababu chumvi yenye madini joto ni muhimu zaidi kwa anayekula uwele kila siku.

Funzo la Kongo: utaratibu wa tiba

Sasa turudi kwa mama mwenye rovu. Kisa kinachomhusu zaidi kilitokea katika nchi jirani ya Kongo, iliyoitwa Zaire wakati huo. Kwenye Kisiwa cha Idjwi katika Ziwa Kivu, na katika maeneo ya Ubangi kaskazini, rovu lilikuwa la kawaida, na watoto wengi walizaliwa wakiwa na upungufu mkubwa wa homoni za thairoidi, uliodumaza mwili na akili. Kaskazini mwa nchi hiyo watafiti walikuta uhaba wa madini joto na wa seleniamu kwa pamoja.

Uhusiano wa mambo haya mawili ni huu. Madini joto yanapokosekana, ubongo huisukuma tezi kwa homoni ya TSH ili ifanye kazi zaidi. Tezi inayosukumwa huzalisha haidrojeni peroksaidi nyingi. Glutathioni peroksidazi ikiwa pungufu kwa kukosa seleniamu, kemikali hiyo huichoma tezi yenyewe hadi igeuke kovu.

Mtu angetarajia, basi, kwamba kutoa seleniamu kungeleta nafuu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1991, Contempré na wenzake waliwapa wakazi wa eneo hilo mikrogramu 50 za seleniamu kwa siku kwa miezi miwili, bila kutanguliza madini joto. Kwa wale ambao tezi zao zilikuwa zimekwisha kudhoofika, kiwango cha T4 kilishuka zaidi na TSH ikapanda. Deiodinazi zilikuwa zimepata seleniamu na kuamka, zikaanza kuitumia haraka akiba ndogo ya T4 iliyokuwepo, na tezi isiyo na madini joto haikuweza kuirudisha. Uhaba wa seleniamu ulikuwa umeibania akiba hiyo. Watafiti walihitimisha kwa onyo: seleniamu isitolewe kiholela mahali penye uhaba wa madini joto. Madini joto hutangulia, seleniamu hufuata.

Kwa mjamzito onyo hili ni zito maradufu, kwa kuwa katika miezi ya mwanzo ubongo wa mtoto hutegemea T4 ya mama.

VVU, utapiamlo na saratani

Seleniamu imejaribiwa pia katika magonjwa mengine, na Tanzania imechangia ushahidi muhimu. Uchunguzi wa Dar es Salaam uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba wajawazito wenye VVU waliokuwa na seleniamu kidogo katika damu walifariki zaidi katika miaka iliyofuata. Ilikuwa haki kuuliza kama nyongeza ingewasaidia. Wajawazito 913 wenye VVU waligawanywa kwa kura: wengine wakapewa mikrogramu 200 za seleniamu kwa siku, wengine vidonge visivyo na dawa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Seleniamu haikupandisha chembe za CD4, haikupunguza wingi wa virusi, wala haikupunguza vifo vya akina mama. Vifo vya watoto waliovuka wiki sita vilipungua, na akina mama waliopewa seleniamu walipata kuhara kwa nadra zaidi. Kwa upande mwingine kulikuwa na dalili, isiyothibitika kitakwimu, ya ongezeko la vifo vya watoto tumboni. Hakuna mahali ambapo utafiti huo ulionyesha kwamba seleniamu inaweza kushika nafasi ya ARV.

Nchini Malawi, watoto 2,372 walishiriki katika jaribio lililochapishwa mwaka 2005 la kuzuia kwashakoo kwa mchanganyiko wa virutubishi vya ulinzi, seleniamu ikiwemo. Mchanganyiko huo haukuizuia. Huko Amerika ya Kaskazini, jaribio lililowashirikisha wanaume zaidi ya 35,000 kuona kama seleniamu na vitamini E huzuia saratani ya tezi dume lilisimamishwa mwaka 2008 bila kuonyesha faida. Uchambuzi wa jaribio jingine la Marekani ulikuta kisukari zaidi miongoni mwa waliopewa seleniamu kwa miaka mingi, hasa wale walioanza wakiwa na seleniamu nyingi katika damu.

Kwa nini tumaini kubwa lilizaa matunda machache? Sababu ya kwanza ni ile ya mtungi: aliyejaa hanufaiki kwa kuongezewa. Sababu ya pili ni kwamba mwili unapopambana na maambukizi, seleniamu katika damu hushuka kutokana na ugonjwa wenyewe. Kiwango kidogo kinaweza kuwa alama ya ugonjwa mzito bila kuwa chanzo chake, na kuirekebisha alama si kuutibu ugonjwa.

Haya hayamaanishi kwamba seleniamu haina nafasi katika tiba. Hutiwa katika lishe ya mishipani kwa wagonjwa wasioweza kula, na imo katika chakula-dawa cha watoto wenye utapiamlo mkali. Vidonge mchanganyiko vya wajawazito vyenye virutubishi 15 vina mikrogramu 65 za seleniamu pamoja na mikrogramu 150 za madini joto. Tazama jinsi viwili hivyo vinavyokwenda pamoja. Barani Ulaya imeonekana kusaidia wenye athari nyepesi za macho zinazotokana na ugonjwa wa Graves. Katika hali zote hizo kipimo na muda vinajulikana.

Kupitiliza kipimo

Mtu mzima hashauriwi kuzidisha mikrogramu 400 kwa siku kutoka vyanzo vyote, na wataalamu wa Ulaya wameweka kikomo cha chini zaidi, mikrogramu 255. Anayezidisha kwa muda hupata harufu ya kitunguu saumu katika pumzi, kichefuchefu, uchovu, kunyonyoka nywele, kucha kukatika na ganzi ya mikono na miguu. Mwaka 2008 nchini Marekani, nyongeza ya lishe ya maji iliyotengenezwa kwa makosa ilikuwa na seleniamu takriban mara 200 ya kiasi kilichoandikwa katika lebo, na watu 201 waliripotiwa kudhurika.

Ushauri kwa wahudumu wa afya

Anapokuja mgonjwa mwenye rovu, muulize kwanza anatumia chumvi gani, anakula nini kila siku, na ni vidonge au unga gani anaotumia bila kuandikiwa. Usimkemee, anayeogopa kukemewa huficha kichupa. Tafuta dalili za upungufu wa homoni: uchovu, kuhisi baridi, kukosa choo, ngozi kavu, mapigo ya moyo ya polepole. Tafuta pia dalili za homoni kuzidi: moyo kwenda mbio, kutetemeka mikono, kukonda. Baada ya chumvi yenye madini joto kuenezwa katika miaka ya 1990, huko Kivu na Zimbabwe walionekana watu wenye rovu la miaka mingi waliopata ongezeko hilo la homoni, hivyo dalili hizo zisipuuzwe. Mpe mgonjwa rufaa ya kipimo cha TSH. Rufaa iwe ya haraka ikiwa uvimbe ni mgumu, unakua upesi, unakwamisha kumeza au kupumua, au umebadilisha sauti.

Ushauri kwa wagonjwa na familia

Nunua chumvi yenye madini joto, ihifadhi katika chombo chenye mfuniko mbali na jua na unyevu, na uitie chakula kinapokaribia kuiva. Kiasi kisizidi gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, yaani kijiko kimoja cha chai, kwani chumvi nyingi hupandisha shinikizo la damu. Changanya nafaka, na ongeza dagaa, samaki, mayai au karanga kadiri ya uwezo wako. Usiache ARV, dawa ya thairoidi wala dawa ya saratani kwa ahadi ya kidonge cha madini. Ukiwa na kichupa cha namna hiyo, kipeleke kituoni kionwe kabla hujakitumia.

Hitimisho

Mama wa mfano wetu astahili jibu lenye adabu na ukweli: "Mama, madini haya tezi inayahitaji kweli, lakini kwa kiasi kidogo, na kwa mpango wake. Kwanza tupime damu, tuitazame na chumvi ya nyumbani. Vidonge hivi tuviweke pembeni hadi majibu yarudi." Protini zenye seleniamu hutulinda kila siku bila sisi kujua, na kwa watu wengi chakula cha mchanganyiko chatosha kuzilisha. Palipo na uhaba, mwili husaidika ukipewa kinachopungua, kwa kipimo chake, na kila kitu kwa zamu yake.